Akiitwa, Nani Ataitika?

Neno bandia ni kongwe kuliko simu na kompyuta. Wazee wetu walilitumia kwa mwanasesere, yule mtoto wa matambara ambaye msichana humbeba mgongoni kwa kanga ya mamaye, akamwimbia, akamlaza, na kumkaripia kwa kukataa kula. Katika mchezo huo hakuna anayedanganywa. Mama anajua, jirani anajua, na msichana mwenyewe anajua kuliko wote. Udanganyifu huanza siku ile mtu mzima anapomfunika mwanasesere huyo kwa shuka, akasimama naye nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na kuwaomba waumini pesa za maziwa ya mtoto. Tambara ni lile lile. Kilichobadilika ni nia ya anayelibeba.

Nimeanza kwa mfano huu kwa sababu ya mkasa ulionifika muhula uliopita. Mtu nisiyemjua alifungua akaunti mtandaoni kwa jina langu. Aliweka picha yangu niliyopigwa nikiwa nimevaa joho siku ya mahafali, akaandika cheo changu na idara yangu bila kukosea hata herufi moja. Kisha akawaandikia wanafunzi wangu, mmoja baada ya mwingine, kwamba upo ufadhili wa karo kwa vijana wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera, na kwamba anayeutaka atume shilingi 2,500 za usajili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ujumbe ulimalizika hivi: "Niko na nafasi tatu tu zimebaki."

Mwanafunzi mmoja wa kiume alinijia asubuhi ya pili akicheka. "Mwalimu," akasema, "umetusahihisha mwaka mzima tusiandike 'niko na' mahali panapotakiwa 'nina'. Niliposoma tu nikajua huyu si wewe." Nilicheka pia, na sikuificha fahari yangu. Nilidhani sarufi imetulinda sote. Kumbe alasiri ile ile msichana mmoja wa darasa hilo hilo, mzaliwa wa Kaunti ya Garissa, alikuwa amekaa nje ya ofisi yangu akisubiri kuniuliza jina lake limo katika orodha ya ufadhili au la. Alikuwa ametuma pesa zile. Mama yake alizipata kwa kuuza maziwa ya ngamia, kikombe kwa kikombe.

Nilifuatana naye kwenda kupiga ripoti. Ofisa aliyetupokea alisikiliza kwa utulivu, akaitazama simu, akauliza laini imesajiliwa kwa jina la nani. Msichana akajibu kwamba ni ya shangazi yake. Ofisa akaomba kitambulisho chake. Hana. "Sasa," ofisa akasema, na sidhani alikusudia ubaya, "nitajuaje kwamba wewe ndiye uliyeibiwa?"

Ndugu msomaji, swali hilo halijaniacha tangu siku hiyo. Tapeli aliyejivika jina langu alikuwa na laini iliyosajiliwa, na bila shaka ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani aliyekipoteza au kuibiwa. Mbele ya mitambo, tapeli alikuwa mtu kamili. Msichana aliyetapeliwa, ambaye mimi namjua kwa uso, kwa mwandiko na kwa sauti, alionekana kuwa mtu wa kubuni. Aliye bandia alipita, aliye halisi akazuiwa mlangoni.

Kwa nini msichana huyu wa umri wa miaka 20 na ushei hana kitambulisho? Jibu lake ni historia ya Kaskazini Mashariki nzima, na kila mwalimu anayefundisha watoto wa eneo hilo anapaswa kuijua.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Hati yake tunaikumbuka hadi leo kwa jina la kipande. Kilikuwa na alama za vidole na rekodi ya kazi ya mwenyewe, nacho kilitiwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Shabaha yake ilikuwa kumjua kibarua aliyemtoroka mwajiri wake. Kwa maneno mengine, kitambulisho cha kwanza nchini mwetu hakikuundwa ili kimhudumie aliyekibeba. Kiliundwa ili yeye asijifiche.

Kule Kaskazini, iliyoitwa Northern Frontier District, utawala huo huo uliweka ukuta wa namna nyingine. Kuanzia sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, eneo hilo lilifungwa, na mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vilizuka na kuendelea hadi mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari zilizotungwa kwa ajili ya eneo hilo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapigwe msasa upya, hata wale waliokuwa tayari na vitambulisho. Aliyefuzu alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, iwe shahidi wa kadi ya kwanza. Mkenya wa Nyeri au Kisumu alihitaji hati moja ili awe Mkenya. Mkenya wa Garissa alihitaji mbili.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na wakimbizi wakavuka mpaka kwa maelfu. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilijengwa karibu na mji mdogo wa Dadaab katika mwaka huo na mwaka uliofuata. Ukame ulipopiga Pembe ya Afrika mwaka 2011, kambi hizo zilifurika hadi zikakaribia watu nusu milioni. Lakini ukame haukuwauliza ng'ombe na mbuzi utaifa wao. Mifugo ya Wakenya waliozunguka kambi ilikufa pia. Ndani ya kambi mlikuwa na mgao wa unga na mafuta, zahanati na shule, na nje ya kambi mara nyingi hapakuwa na lolote. Wazazi wengi Wakenya waliwashika watoto wao mikono, wakapanga foleni, wakajiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate kula. Mama wa mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wao. Binti yake alikuwa na umri wa kuanza shule.

Watoto wale walikua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba vitambulisho katika nchi yao, kompyuta ikatoa jibu: alama za vidole hivi zimo katika daftari la wakimbizi. Kwa mtambo, mkimbizi si raia, na raia si mkimbizi. Mashirika ya haki za binadamu yamekadiria kwamba walionaswa katika mtego huu ni watu wasiopungua 40,000. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hapati laini ya simu wala M-Pesa kwa jina lake, hapigi kura, na hapati mkopo wa elimu ya juu. Hapo ndipo unapoona jinsi tapeli wangu alivyochagua mawindo yake. Msichana aliyekosa mkopo kwa kukosa kitambulisho ndiye aliyeuhitaji ufadhili kuliko wenzake, na ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuamini. Udhaifu wa kwanza ulizaa wa pili, na wa pili ukazuiwa kuponywa na wa kwanza.

Nitaulizwa: je, mama yule hakusema uongo alipomwandikisha bintiye kuwa mkimbizi? Alisema. Sitaufunika kwa ushairi. Alitoa maelezo yasiyo ya kweli, na kuna mkimbizi wa kweli ambaye huenda alisubiri zaidi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, aliyesema ni mama na anayelipa ni mtoto, na malipo hayana mwisho. Mizani gani ya haki humfuta mtu katika nchi yake kwa unga aliopewa akiwa na miaka sita?

Hapa naomba nirudi katika taaluma yangu, kwa maana lugha hutunza hekima ambayo sheria huisahau. Tulitazame neno lenyewe. Kitambulisho linatokana na kitenzi tambua, lakini si moja kwa moja. Limepitia kitenzi tambulisha. Nikitambua, mimi peke yangu nimejua. Nikitambulisha, lazima wawepo watatu: anayetambulisha, anayetambulishwa, na yule anayetambulishiwa. Nikikuleta nyumbani kwa mama yangu nikasema, "Mama, huyu ni rafiki yangu," nimeweka dhamana heshima yangu. Ukiiba kijiko, aibu ni yangu. Kitambulisho, basi, kwa mujibu wa umbo lake, ni chombo cha kufanya kazi hiyo ya utambulisho kwa niaba ya jamii: tunasema mbele ya wageni kwamba huyu tunamjua. Wasomali nao huiita kadi hiyo kaarka aqoonsiga, na ndani ya neno aqoonsi kuna aqoon, yaani maarifa, kujua. Lugha zote mbili zinakubaliana kwamba utu wa mtu hautoki katika kadi. Kadi hushuhudia tu ujuzi ambao tayari watu wanao.

Tofauti kati ya mambo mawili tunayoyachanganya kila siku hudhihirika hapo. Kitu kinaweza kuwa halisi bila kuwa halali, na kinaweza kuwa halali bila kuwa halisi. Msichana wangu ni Mkenya halisi ambaye hajapata uhalali wa karatasi. Laini ya tapeli ilikuwa na uhalali wa karatasi, lakini mtu aliyetajwa na karatasi hiyo hakuwa yeye. Tukitafuta uhalali peke yake tutamkumbatia mwizi na kumfukuza mwenye nyumba.

Majina ya Wasomali yanatufunza somo hilo vizuri. Msomali hana jina la ukoo la kurithishwa kwa namna ya Kizungu. Hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke akiolewa hachukui jina la mume. Kwa kuwa majina yenyewe ni machache na yamependwa na wengi, katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo watu kumi walioandikwa Mohamed Abdi Ali. Ndiyo maana desturi ya lakabu, naanays kwa Kisomali, imestawi: huyu ni Dheere, yaani mrefu, na yule ni Gaab, yaani mfupi. Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia mwaka 2017 hadi 2022, anajulikana duniani kote kwa jina la Farmaajo, linalotokana na neno la Kiitaliano la jibini. Jina hilo haliko mbali na utani, lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba Farmaajo ni mtu wa kubuni. Ukiliita, yupo wa kuitika.

Tena kuna suala la tahajia. Kisomali kilipewa rasmi hati za Kilatini mwaka 1972, na katika hati hizo herufi x husimama badala ya h nzito ya Kiarabu, na c badala ya sauti ya ain. Kwa hiyo mtu aandikwaye Hassan Ali mjini Garissa ataandikwa Xasan Cali ng'ambo ya mpaka, na Mohamed mmoja anaweza kuwa Maxamed, Muhumed au Mohammed kwa kutegemea karani aliyeshika kalamu siku hiyo. Mwanadamu akiyasoma majina haya husikia jina moja. Mtambo huona watu wanne. Vijana wengi wa eneo hilo wana cheti cha kuzaliwa chenye tahajia moja, cha shule chenye nyingine, na kitambulisho cha baba chenye ya tatu, kisha wanashukiwa kwa kutofautiana kwa hati ambazo hawakuziandika wao.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kila jina lisilo la kwenye kitambulisho ni jina bandia. Ushairi wa Kiswahili ungekufa kwa kanuni hiyo. Wahariri wa magazeti wanajua ni malenga wangapi waliojibizana kurasani kwa lakabu. Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa lakabu ya Malenga wa Mvita, nayo ikawa anwani ya diwani yake ya mwaka 1971. Mwandishi aliyechapisha riwaya mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi ndiye tuliyemjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Jina lilibadilika, mwenye jina akabaki kubeba lawama na sifa za yote aliyoyaandika. Na yuko mwanamke ambaye, kwa kuogopa mume mkatili au wakubwa wa kijijini, huandika kwa jina la kupanga ili aseme ukweli. Huyo hajifichi ili aibe. Anajifunika kama mtu anayejifunika buibui, naye mwenyewe yumo ndani.

Jina bandia ninalolilaani ni la aina nyingine, na naliona limegawanyika sehemu tatu. La kwanza ni jina la kuiba, kama la aliyejivika langu: mwenye jina yupo, lakini anayeitika si yeye. La pili ni jina la kuzua, ambapo mwenye jina hajawahi kuzaliwa. Mwaka 2011, wakati wa maasi ya Syria, dunia ilimlilia msichana wa Damascus aliyedaiwa kukamatwa na askari. Baadaye ikabainika kwamba msichana huyo hakuwako, na kwamba maandishi yake yote yalitungwa na mwanamume Mmarekani aliyekuwa akisoma Edinburgh, tena kwa kutumia picha za mwanamke mwingine asiye na habari. Waliodhurika ni Wasyria wa kweli, ambao siku iliyofuata walipolia kwa dhati waliulizwa kama nao si hadithi.

La tatu ni jina la kuzidisha, mtu mmoja akijigeuza kundi. Mwaka 2021 watafiti wawili Wakenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichapisha kupitia wakfu wa Mozilla uchunguzi kuhusu vijana waliolipwa wachochee mijadala kwenye Twitter. Wakati wa mvutano wa mabadiliko ya katiba yaliyojulikana kwa jina la BBI, akaunti nyingi zisizo na watu nyuma yake zilitumiwa kuwashambulia majaji na wanaharakati, na kwa kampeni moja malipo yalikuwa kiasi cha dola 10 hadi 15. Katika baraza la wazee, mtu akisema mara mia kwa sauti mia angeambiwa aketi. Mtandaoni alihesabiwa kuwa umma.

Ukizitazama aina hizi tatu kwa pamoja, utaona kipimo kimoja kinazitosha. Usiulize tu kama jina hili limo katika daftari. Uliza: akiitwa, nani ataitika? Na akiitika, atakubali kubeba alilolisema na alilolichukua? Malenga wa Mvita angeitika. Mwanamke mwenye jina la kupanga, siku hatari itakapokwisha, ataitika. Tapeli wangu hakuitika. Nilipompigia simu ile nambari iliyopokea pesa, ililia mara moja ikazimwa, haikuwashwa tena.

Sheria yetu inalijua kosa hili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inamtoza anayetumia kwa hila alama za utambulisho za mtu mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni vyema. Lakini sheria hiyo inamhitaji mlalamishi, na mlalamishi anahitaji kutambuliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 12, inasema kwamba kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za utambulisho zinazotolewa na Serikali kwa raia. Haikusema baadhi ya raia. Mwaka 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyofunguliwa na watetezi wa haki za Wanubi na wengine, Mahakama Kuu ilikataza ukusanyaji wa chembechembe za urithi, na ikadai kuwepo kwanza kwa utaratibu madhubuti wa kisheria, wakiwamo wale walio hatarini kuachwa nje. Na mwezi Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mipakani. Wengi walishangilia, nami niliwashangilia waliokuwa wakishangilia. Hata hivyo, tangazo si kitambulisho. Alama za vidole zilizomo katika daftari la wakimbizi hazifutiki kwa vigelegele, na mwanafunzi wangu bado anasubiri.

Sasa nina ungamo kwa wenzangu wa isimu. Nilijivunia kijana aliyemgundua tapeli kwa "niko na". Lakini nilipolifikiri jambo hili usiku, fahari ilinitoka. Kijana yule alimtambua mtu kwa lugha yake, na alipata. Askari kwenye kizuizi cha barabara naye humtambua mtu kwa lugha yake, na mara ngapi hukosa? Wanaosafiri kwa basi kutoka Garissa kwenda Nairobi wanajua ilivyo kuamriwa kushuka, kupanga foleni na kuonyesha kadi, na wanajua jinsi lafudhi inavyoweza kuzidisha maswali. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia. Huko Ulaya nako serikali kadhaa zimekuwa zikiwarekodi Wasomali wanaoomba hifadhi ili wachunguzi waamue, kwa kusikiliza matamshi, kama wametoka Kismayu au Garissa. Mwaka 2004 wanaisimu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa kuonya kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa na alioishi nao, wala haionyeshi uraia wake. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukupita katikati ya ulimi.

Kwa hiyo lugha ni shahidi, lakini si hakimu. "Niko na" ilinitetea kwa kuwa wanafunzi wangu wananijua. Ilikuwa sehemu ya ujuzi wa mwaka mzima, wa madaftari yaliyosahihishwa na mabishano ya darasani. Ujuzi ule ungekosekana, kosa la sarufi lingekuwa kosa la sarufi tu, na Mkenya mwema anayesema "niko na" tangu utotoni angehukumiwa kuwa mwongo.

Walimu wenzangu, tuna kazi ya kufanya. Tuwafundishe wanafunzi kwamba picha, cheo na jina lililoandikwa sawasawa si dhamana, na kwamba anayekuharakisha utume pesa kabla ya jua kuchwa hataki upate nafasi ya kuuliza. Wamwendee mtu mwenyewe, au wampigie kwa nambari waliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyokuja na ujumbe. Tuwafundishe kuheshimu lakabu na kuchukia wizi wa jina, wala wasiyachanganye mawili hayo. Na anayefundisha katika shule za Garissa, Ijara, Lagdera au Fafi na ahakikishe kwamba majina katika daftari lake yanalingana na yale ya cheti cha kuzaliwa. Nukta moja ya karani leo inaweza kuwa miaka kumi ya mtu baadaye. Tusimwache pia mwanafunzi aende ofisini peke yake. Mwalimu ni shahidi. Tukumbuke kwamba tambulisha huhitaji watatu.

Uzito wa jambo hili tuliuona Aprili 2, 2015, siku ambayo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wazazi waliitwa katika chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, kuwatambua watoto wao. Siku zile Wakenya walikataa wanao waitwe nambari. Walitangaza majina na picha zao, mmoja mmoja, kila aliyekufa arudishiwe jina lake. Nchi iliyojua thamani ya jina la aliyekufa isishindwe kujua thamani ya jina la aliye hai.

Mwanafunzi wangu hakurudishiwa shilingi 2,500 zake, na kitambulisho hakijafika. Nimemwandikia barua ya kuthibitisha kwamba namjua, nikapiga mhuri wa idara, naye ameihifadhi ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na cheti cha mtihani. Sijui kama karani ataikubali. Kila Jumanne saa mbili asubuhi naita majina darasani, na nikifika kwenye jina lake, majina matatu, lake na la baba na la babu, sauti hutoka safu ya pili karibu na dirisha: "Nipo, Mwalimu."

Mimi naandika alama ya kuwepo. Serikali nayo iandike.